Beti Saba kwa Mtungi Mmoja

Mliniuliza pale stejini tunapongojea magari nilikuwa wapi siku tano zile, nami nikacheka tu na kuangalia viatu. Mnanijua. Mdomo wangu ni mzito. Shule niliacha darasa la nane na kalamu yangu huenda polepole, lakini inafika. Basi nimeandika. Someni wenyewe, na mkimaliza msinicheke kwa sauti. Hata mimi bado sijaacha kushangaa.

Nyumbani

Kwanza niwaambie jambo ambalo kwa miaka mitatu sikumwambia mtu. Mimi ndiye ninayechota maji nyumbani.

Mnajua kwetu ilivyo. Kijana akishatahiriwa haingii jikoni kwa mama yake, na mtungi wa maji si kitu chake. Lakini mama yangu goti lake lilikufa ganzi miaka mitatu iliyopita, dada sina, na maji hayapandi mlima yenyewe. Kwa hivyo nikawa nakwenda chemchemini alfajiri, kabla ya kina mama, nijaze mitungi minne na kurudi bila kuonwa.

Sikuwa na saa. Simu yangu mnaijua, chaji yake haifiki asubuhi. Nikawa naimba kwa sauti ya chini wimbo mmoja wa kanisani wenye beti tano, nao ndio ukawa saa yangu. Mwanzoni mtungi ulijaa mwisho wa ubeti wa pili. Msimu uliofuata, ubeti wa tatu. Nikaona nikiendelea kuamka saa ileile kina mama watanikuta. Nikachukua daftari, nikawa naandika kila siku: tarehe, na beti ngapi kwa mtungi. Nilitaka tu kujua niamke saa ngapi. Mwaka huu imefika saba. Namaliza wimbo wote, naanza tena, na mtungi unajaa mwisho wa ubeti wa pili wa mara ya pili.

Agosti, binamu yangu Moraa, yule wa chuo kikuu, alikuja kumsalimu mama akaliona daftari. Alilisoma amesimama mpaka chai ikapoa. "Mokua, hii ni utafiti," akasema. Mimi nilidhani ananisimanga.

Moraa akapeleka habari ya chemchemi yetu kwenye kongamano la wanafunzi wa nchi nyingi, lililofanyika mwezi uliopita katika chuo kimoja upande wa Nyansiongo. Hukaa wiki nzima. Wanaleta tafiti zao, wanajadiliana, halafu wanachagua sehemu moja tu ya kwenda kufanya kazi kwa mikono yao, pamoja na mafundi. Kama ni chemchemi, wanaifukua, wanaijengea na kupanda miti ya asili juu yake. Sehemu zilizoshindania zilikuwa tatu. Moraa alikuwa ameniomba twende wote, nikakataa. Nikamwambia apige picha kurasa kwa simu, zitamtosha.

Hazikumtosha. Jumanne jioni akapiga simu anahema. "Waamuzi wanasema picha si ushahidi. Wanataka daftari lenyewe, na aliyeliandika. Alhamisi saa nane mchana ndiyo mwisho. Usipokuja, chemchemi yetu imeondolewa."

Nilimwangalia mama. Akasema, "Nenda. Nitawatuma watoto wa jirani."

Nikapanga hivi: nitampa Moraa daftari langoni, nigeuke.

Nyamarambe hadi Ogembo: juu ya matofali

Jumatano asubuhi nilifika sokoni Nyamarambe nikakuta watu wamesimama makundi makundi kama kuna ajali. Hakukuwa na ajali. Mvua ya usiku ilikuwa imekula daraja dogo njia ya kwenda mjini Kisii, na hakuna gari lililokuwa limekuja. Nilishtuka, kwa sababu juma lililopita tu nilikuwa nimepita hapo nikiwa nakula karanga.

Kulikuwa na trekta inapeleka matofali Ogembo kwa njia ya juu. Dereva alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu, na mpenda maneno.

"Kijana, unabeba nini hapo kifuani?"

"Daftari."

"La nini?"

Nikanyamaza. Akamgeukia utingo wake. "Huyu ameandikiwa barua na msichana, anaenda kumrudishia." Wakacheka mpaka trekta ikayumba.

Nilikaa juu ya matofali, daftari limefungwa nailoni mbili, ndani ya shati. Mwendo wa trekta mnaujua. Mama aliyebeba kikapu cha ndizi alitupita kwa miguu. Tulimpita kwenye mteremko, akatupita tena kwenye mlima, na kila mara alimpungia dereva mkono. Mara mbili tulishuka kusukuma mawe chini ya gurudumu. Ogembo tulifika saa saba, na makalio yangu yalikuwa na alama za matofali. Dereva akasema, "Msalimie msichana," akanipa nusu ya hindi lake la kuchoma.

Ogembo hadi Nyamache: nyama isiyo yangu

Nikapanda bodaboda kwenda Nyamache. Nusu ya njia mvua ikashuka yote kwa pamoja, pikipiki ikateleza kwenye ule udongo mwekundu, tukalala ubavu sote wawili bila haraka. Hakuna aliyeumia. Mwenye pikipiki akasema hasongi mbele hata aitwe na rais. Kulikuwa na boma karibu lenye turubai na watu wengi. Nikakimbilia hapo.

Ilikuwa ni matanga. Mzee wa boma alikuwa anazikwa kesho yake. Nilitaka kusimama pembeni ya turubai mpaka mvua ipungue, lakini mwanamume mmoja aliyevaa koti jeusi aliponiona, nimelowa, nimekumbatia kitabu ndani ya nailoni, akainua mikono juu.

"Bwana asifiwe! Amefika!"

Nikageuka nyuma kuangalia nani amefika. Hakukuwa na mtu.

Nikakalishwa mbele, kwenye kiti chenye mto. Taulo likaja, chai ikaja, kisha matoke, nyama na mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa mpaka uchungu wote umeisha. Sikuelewa, lakini njaa haiulizi maswali. Kila mtu aliniangalia kwa heshima. Nilipolamba kidole cha mwisho, yule wa koti jeusi akasimama.

"Ndugu zangu, mwalimu wa kwaya kutoka Ogembo amevumilia mvua mpaka hapa. Sasa atatuongoza wimbo."

Watu wote wakasimama. Nikasimama na mimi, nikafungua mdomo, na hakuna kitu kilichotoka. Nadhani nilikaa hivyo kwa muda wa ubeti mzima. Mwishowe nikasema, "Mimi si mwalimu. Mimi nilikimbia mvua."

Kisha sauti ya mtu kutoka nyuma, "Na nyama amekula!"

Jamani, watu walicheka kwenye matanga. Hata mjane alificha uso kwa leso, mabega yakitikisika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini mama mmoja mnene aliyekuwa akigawa chakula akapaza sauti: "Mwacheni mtoto wa watu! Mvua haichagui mwalimu, na sufuria ya matanga haina mlango." Akaja akanishika bega. "Utalala hapa. Kesho tutakutafutia lori la chai. Lakini siku moja, mwanangu, utaulipa wimbo huu mahali."

Niliitikia kwa kichwa tu.

Nyamache hadi Keroka: lori la chai

Alhamisi asubuhi yule mama alinipeleka mwenyewe mpaka kwenye lori la majani ya chai lililokuwa linaelekea upande wa Keroka. Alinikabidhi kwa dereva kama anayekabidhi kuku. "Huyu ni wangu. Usimwache njiani."

Lori halikuniacha njiani, ila lenyewe ndilo lililokuwa linaachwa na saa. Lilisimama kwenye kila kituo cha kupimia chai. Kila kituo kulikuwa na mabishano: majani yamelowa, majani ni makubwa, mizani inadanganya. Kwenye kituo kimoja mama mmoja alikataa gunia lake lipakiwe mpaka karani aombe msamaha. Karani alikataa. Tulingoja. Karani akaomba msamaha kwa sauti ndogo. Mama akasema hajasikia. Akaomba tena.

Mimi niko juu ya magunia, harufu ya majani mabichi puani, naangalia jua. Nilikuwa nimezoea kujua muda kwa wimbo, nikajikuta naimba kimoyomoyo. Niliimba ule wimbo mara nyingi mno kabla ya Keroka kuonekana. Simu ilikuwa imezima tangu jana, kwa hivyo sikujua kama Moraa bado ananingoja au ameshakata tamaa. Niliposhuka nikamwuliza mwenye duka saa. Saa saba na nusu.

Keroka hadi Nyansiongo: cheti cha mtoto wa mtu

Nikapata pikapu ya maziwa iliyokuwa inarudi Borabu, hukohuko Nyansiongo, na makopo matupu. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, amenyoa vizuri, anaendesha kwa mkono mmoja. Akauliza naenda wapi. Safari hii nikajibu vizuri, maana nilikuwa nimechelewa: nakwenda kwenye kongamano la wanafunzi wa kimataifa.

Akakanyaga breki katikati ya barabara. Makopo yote yakaruka.

"Wale wanaopeleka vijana ng'ambo?"

"Sijui, mzee. Nafikiri wanasoma tu."

"Hakuna anayetoka mbali hivyo kuja kusoma tu Nyansiongo. Ngoja."

Akageuza gari, akaingia njia ya shamba, akashuka mbio nyumbani kwake. Mimi nimekaa, saa inakwenda, machozi yako karibu. Akarudi na bahasha. "Hii ni nakala ya cheti cha kijana wangu. Fundi wa umeme. Ana miaka miwili anakaa tu hapa anaangalia ng'ombe, na ng'ombe nao wanamwangalia. Wape hao wageni. Waambie ana nidhamu."

Nikasema mimi sina cheo huko, mimi nitaishia langoni. Akaniangalia kwa huruma. "Wote wanaoenda mbele husema hivyo."

Nikaitia bahasha ndani ya shati, karibu na daftari. Alinipeleka mpaka lango la chuo lenyewe. Nilifika saa tisa. Nilikuwa nimechelewa saa nzima.

Ndani ya ukumbi

Moraa alikuwa amesimama langoni na viatu mkononi. Nikampa daftari. Nikasema, "Nisamehe. Naomba nirudi sasa."

"Urudi wapi? Wanafunzi wa Uganda wametupatia zamu yao, ndiyo ya mwisho. Ingia."

"Wao pia wanashindana?"

"Ndiyo. Ingia, Mokua!"

Hilo lilinishangaza kuliko daraja. Aliyetoa nafasi aliitwa Okello, kijana mrefu mwenye Kiswahili cha kujifunzia barabarani. Alinipokea kwa kunikumbatia, na tope langu likabaki kwenye shati lake jeupe.

Ndani, kila nilipoangalia nilishtuka. Mzee mwenye mvi, profesa kabisa, alikuwa anabeba viti. Binti kutoka Brazil alisimama akamwambia mwalimu mbele ya watu kwamba hesabu yake ina kosa. Nilishika pumzi kungoja adhabu. Mwalimu akasema asante, akafuta. Na ukutani, kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu, kulikuwa na picha ya chemchemi yetu, na jiwe ninalowekea mguu kila asubuhi. Ni kama kumkuta ng'ombe wenu kwenye nyumba ya mfalme.

Waamuzi walikuwa watatu. Walifungua daftari langu, wakapokezana. Mwanamke wa katikati, mwenye miwani, akasema maneno kwa Kiingereza na Moraa akanigeuzia: "Anasema kazi ni ya kuheshimiwa. Lakini ubeti si kipimo. Leo mtu anaimba haraka, kesho polepole. Anauliza, unaweza kuimba hapa, wapime kwa saa?"

Nikaangalia mlango. Ulikuwa mbali.

Nikaimba ubeti mmoja. Niliimba kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Okello alikuwa ameshika saa. Sekunde kumi na tisa. Nikaimba tena: ishirini na tatu. Mwenye miwani akafunga daftari taratibu, na nikamwona Moraa anainamisha kichwa. Nikaona chemchemi yetu inaondoka, kwa sababu yangu mimi.

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikamwambia Okello, "Nipe mtungi."

"Mtungi wa nini?"

"Mtungi wowote. Siwezi kuimba nikiwa nimesimama bure."

Akakimbilia jikoni akarudi na mtungi mtupu wa lita kumi, wa njano kama wangu. Nikawapa watu wote mgongo. Nikachuchumaa, nikaweka mguu wa kulia mbele pale ambapo jiwe lingekuwa, nikashika mdomo wa mtungi kama ninavyoshika. Nikafumba macho. Baridi ikaja. Nikamkumbuka yule mama wa matanga, na nyama yake niliyokula. Nikaimba.

Mara ya kwanza, sekunde ishirini na nane. Ya pili, ishirini na nane. Okello akasema kwa sauti ya mtu aliyeona mzimu, "Tena." Ishirini na nane.

Nilipogeuka, mwenye miwani alikuwa amefungua daftari upya.

Akauliza swali moja zaidi: hakuna aliyekutuma, ulianza kuandika kwa nini?

Ningeweza kusema uongo. Moraa mwenyewe hakujua. Alidhani naandika kwa kupenda. Nikasema, "Nilitaka kujua niamke saa ngapi, ili kina mama wasinikute. Kwetu mwanamume hachoti maji."

Moraa hakutafsiri mara moja. Aliniangalia kwanza. Kisha akatafsiri. Yule binti wa Brazil akauliza bila ubaya wowote, "Kwa nini ni aibu?"

Nilitafuta jibu kote kichwani, jamani. Nimeishi na aibu hiyo miaka mitatu, nimeamkia giza kwa ajili yake, nimeanguka na mitungi kwa ajili yake. Nikasema, "Sijui."

Waamuzi walitoka nje, wakarudi. Wakataja chemchemi yetu. Moraa alipiga kelele. Mimi nilikaa chini, juu ya mtungi.

Wakasema kazi itakuwa Jumamosi. Hapo, kwa mara ya kwanza maishani, niliinua mkono bila kuulizwa. "Jumamosi hamtakuta mtu. Sisi ni Wasabato, sote tutakuwa kanisani." Wakacheka, wakaandika Jumapili. Ile bahasha nilimpa Moraa. Aliisoma, hakucheka, akaibandika kwenye ubao wa matangazo kati ya majina ya vyuo vya Ulaya. Nilibaki kwao siku mbili, nikaoshewa sahani na mtoto wa balozi. Sitaeleza, hamtaamini.

Kurudi

Jumapili basi lao lilitupitisha mjini Kisii. Daraja lilikuwa limewekwa magogo. Muda wa saa tatu tu, tukawa nyumbani! Nilihesabu mara mbili nikidhani nimelala njiani.

Kina mama wote walikuwa chemchemini kupokea wageni. Mbele yao alisimama mong'ina Kwamboka, ambaye mnamjua, bibi mzee kuliko kanisa letu. Nilikuwa nimemwomba Mungu jambo moja tu, wageni wafukue na kujenga bila kutaja habari zangu. Okello hakumpa Mungu nafasi. Alishuka na sepetu, akaniwekea mkono begani, akatangaza kwa Kiswahili chake: "Mama zetu, huyu shujaa anachota maji hapa kila alfajiri akiimba, mkiwa mmelala!"

Niliangalia chini, nikangoja kicheko.

Mong'ina Kwamboka alicheka, lakini si kile kicheko nilichokiogopa. "Tumelala?" akamwuliza Okello. "Nani alikwambia tumelala?"

Akaninyooshea fimbo, kisha akaielekeza juu, kwenye ile kona ya njia yenye vichaka.

"Pale. Miaka mitatu tunasimama pale na mitungi, tukikusikiliza. Mwanamume mtahiriwa anamsaidia mama yake, nani angeshuka amwaibishe? Ukimaliza mtungi wa nne ukaondoka kwa njia ya chini, ndipo sisi tunashuka."

Nikakosa pa kuweka mikono.

"Zamani ulikuwa unamaliza upesi," akasema. "Siku hizi unaimba, unaimba, unarudia. Tunaganda kwa baridi. Nyaboke hapa alikuja na mimba ya miezi minane, akasimama. Sisi hatuna daftari, lakini tulijua maji yanakwisha. Tuliyahesabu kwa miguu yetu."

Niliwaangalia mmoja mmoja. Walikuwa wanatabasamu, na baadhi walitazama kando kunisitiri, vivyo hivyo walivyokuwa wamenisitiri wakati wote. Daftari langu lina kurasa nyingi za beti. Hakuna hata ukurasa mmoja ulioandikwa kwamba kuna watu juu yangu wamesimama kwenye umande.

Tulifukua mpaka jioni. Maji hayajaongezeka bado. Mafundi wanasema miti ikue kwanza.

Jumatatu sikuamka gizani. Nilishuka jua likiwa limeshatoka, mitungi minne mkononi, na kina mama walikuwa wamepanga foleni. Nikasimama nyuma ya mong'ina Kwamboka. Aliweka mtungi wake chini ya maji, akageuka akaniangalia, maana chemchemi ilikuwa kimya.

"Anza basi," akasema. "Tutajuaje umejaa?"